Birabiro ni ya Mfungo

Addis Ababa
20 Yekatit 1989

Shangazi Askale,

Salamu nyingi. Huku kwetu tu wazima, baridi tu ndiyo haijataka kuondoka.

Katoni atakayokukabidhi Yimam dereva ni yako yote. Ndani mna biskuti za Birabiro, zile zile ulizozisemea. Tangazo lenye sauti yako linaanza redioni Jumatatu, siku ya kwanza ya mfungo wa Hudade, saa moja asubuhi baada ya habari, na tena jioni.

Najua hukuniamini. Ulipokuja kwetu sikukuu ya Timkat nikakuketisha mbele ya kinasa sauti, ulidhani nakuchezea. Lakini ofisini tulikuwa tumesikiliza waigizaji watatu wenye sauti nzuri, na wote walisikika kama watu walioshiba. Kisha nikauweka mkanda wako. Ato Kebret, mkurugenzi wetu, aliacha kuandika. Akasema, "Huyu ni mama yangu kabisa." Hakumaanisha mnafanana sauti. Alimaanisha kwamba mtu huyu akikuambia kula, unakula.

Maneno ni yale tuliyoyafanyia mazoezi: jina lako, kwamba unafunga Hudade tangu usichana, kwamba Birabiro haina maziwa wala mayai, kwamba ni ya mfungo. Lile uliloongeza mwenyewe mwishoni, "na mimi sijawahi kumdanganya mtu kwa chakula," niliambiwa nilikate. Nikakataa. Ndilo linalouza.

Usiwe na shaka. Kabla ya kuandika nilikwenda kiwandani nikaangalia kila kinachoingia kwenye mashine: unga, sukari, mafuta ya mimea, chumvi. Unajua nilikuwa mwandishi wa habari kabla sijaingia kazi hii ya uhusiano. Siandiki nisichokiona.

Mwanao,
Menbere


Dessie
29 Yekatit 1989

Menbere mwanangu,

Umenifanya kichekesho cha mji. Jana sokoni muuza vitunguu kanipigia kelele mbele za watu: "Mama Redio! Leo unanunua au unatangaza?" Nikamwambia vitunguu vyake vilivyonyauka hata malaika akivitangaza havinunuliki.

Rafiki yangu Etagegn naye hanipi nafasi. "Askale, miaka yote hii tunakusihi upunguze maneno, kumbe kuna watu wanatafuta pa kukusikiliza." Na jirani Zeyneba wa ukuta wa pili, aliyemaliza Ramadhani yake juzijuzi, kaja kunywa kahawa akaona biskuti mezani. "Sisi tunafunga mdomo mchana kutwa," akasema, "nyinyi mnafunga maziwa, halafu mnakaa kula vitamu. Nani hapa anayemcheza shere Mungu?" Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Lakini nikuambie na la maana. Wewe unaujua mji huu. Wakati wa Hudade watu wa hapa hawagusi kitu cha kiwandani, kwa kuogopa kisichoonekana. Sasa mwenye duka ananiambia wateja hawaulizi Birabiro. Wanasema, "Nipe zile za Askale." Hata Emahoy Tsehaytu, yule mtawa mzee wa kanisani anayekula mara moja tu, alasiri baada ya misa, nilimpa moja akaigeuzageuza mkononi. Akaniuliza, "Ni wewe unayesema?" Nikasema ni mimi. Akala.

Kwa hiyo nimefurahi, lakini nimepata na uzito fulani. Sikujua kwamba watu wananiamini hivi. Mtu ni afadhali asijue.

Shangazi yako,
Askale Zegeye


Addis Ababa
5 Megabit 1989

Kwa Ato Kebret, Mkurugenzi

Nakuandikia kwa sababu una wageni tangu asubuhi na jambo hili sitaki kulisema tukiwa tumesimama mlangoni.

Jana niliwatembeza waandishi wa magazeti kiwandani. Katika chumba cha kuchanganyia niliona madumu ya majarini ambayo hayakuwapo nilipokagua. Nilisoma lebo. Majarini hiyo imetiwa maziwa. Msimamizi wa zamu aliniambia kwamba mafuta yetu ya zamani yamekwama bandarini, na kwamba majarini hii inatumika tangu karibu na mwanzo wa Hudade, tarehe hasa haikumbuki. Hakuona ajabu yoyote. Hakuna aliyemwambia kwamba mafuta yana dini.

Tangazo letu linasema Birabiro haina maziwa. Tulipolirekodi lilikuwa kweli. Sasa ni uongo, na unasemwa mara mbili kwa siku kwa sauti ya shangazi yangu.

Naomba mambo mawili. Tangazo lisimamishwe leo. Na redioni tuwaambie watu waliofunga kwamba mchanganyiko umebadilika.

Nina pia swali lisilo la kazi. Kila Ijumaa unampelekea mama yako pakiti mbili. Ijumaa hii utampelekea?

Menbere Tilahun
Mkuu wa Uhusiano


Addis Ababa
6 Megabit 1989

Menbere,

Asante kwa kuandika badala ya kupiga kelele. Nimelala nalo jambo hili, na asubuhi nimekaa na wakili.

Anasema hivi. Pakiti yetu imeandikwa "mafuta", na majarini ni mafuta. "Ya mfungo" si neno la sheria. Hakuna ofisi inayolipima wala hakimu atakayelitafsiri. Na maneno "haina maziwa" yamo ndani ya ushuhuda wa mtu binafsi aliyejitaja kwa jina lake. Ni maoni yake, si ya kampuni. Kisheria tumesimama pazuri.

Najua utasema sheria si yote. Basi tuache sheria. Mtu anayekula bila kujua hajavunja mfungo. Muulize kasisi yeyote. Leo watu hawa hawana dhambi. Tukienda redioni kuwaambia, tutakuwa tumewatwika mzigo ambao sasa hawana, katikati ya Hudade, na hawataweza kuutua. Nani atakuwa amewatendea wema, wewe au mimi?

Fikiria pia wale wasichana wa kufungasha. Msimu huu ndio unaowalisha hadi mwaka mpya, Meskerem. Habari hii ikitoka, soko zima la Merkato litaturudishia mzigo kwa wiki moja.

Mafuta ya zamani yatatolewa bandarini kabla ya Jumapili ya Hosana. Tutarudi tulikokuwa, kimya kimya, na hakuna atakayekuwa ameumia. Nakuomba uvumilie hadi hapo.

Kebret


Addis Ababa
8 Megabit 1989

Shangazi,

Nakuandikia kwa haraka, kazi zimenizonga. Alikuja daktari mmoja ofisini akatueleza kwamba sukari si nzuri kwa watu wa umri wako. Tafadhali acha kula zile biskuti. Ziweke tu, usile. Nikipata nafasi nitakuletea kitu kingine.

Wasalimie Etagegn na Zeyneba.

Menbere


Dessie
15 Megabit 1989

Menbere mwanangu,

Sukari! Nani kakuambia nina umri? Napanda mwinuko wa kanisani bila kusimama, na Etagegn ananiita nimngoje.

Lakini nimekuelewa. Wamekusema huko ofisini kwa sababu ya ile katoni, ukaona aibu kuniambia nisimalize mali ya watu. Ungesema tu. Basi sili tena hata moja, na ili zisiniite usiku nimezitoa machoni pangu. Nusu nimewapelekea watawa wa kanisani. Ungewaona! Hawapati kitu wale, Hudade kwao ni kunde na maji. Emahoy Tsehaytu alizigawa mwenyewe, mbili mbili, akanibariki mimi na wewe na "watu wema wa kiwandani".

Nusu iliyobaki nimeiwekea chama chetu cha Mariamu. Tarehe 21 zamu ya kuwakaribisha ni yangu. Watakuja wote, na kasisi wetu, Abba Workineh, atabariki mkate. Etagegn tayari ananichokoza kwamba nitawapa biskuti na hotuba.

Ila barua yako ilikuwa fupi. Wewe ukiandika kwa kifupi, ama unaumwa ama unaficha kitu. Ulipovunja mtungi wa bibi yako uliniandikia mistari mitatu, na mmoja ulikuwa wa hali ya hewa. Unaumwa?

Askale


Addis Ababa
18 Megabit 1989

Shangazi,

Siumwi.

Birabiro ina maziwa. Haikuwa nayo ulipoisemea, wala ile niliyokupa uonje Timkat. Lakini karibu na mwanzo wa Hudade kiwanda kilibadilisha mafuta, na haya mapya yametiwa maziwa. Katoni yako sijui ni ya mchanganyiko upi. Nimeuliza, na hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika. Zile zinazouzwa dukani sasa zina maziwa zote.

Nilijua tarehe 4. Niliomba tangazo lisimamishwe, nikakataliwa. Hakuna daktari aliyekuja ofisini. Nilitaka uache kula bila ya kujua kwa nini, kwa sababu nilijua ukishajua hutaweza kunyamaza. Sikufikiri kwamba ungewapelekea watawa. Ningefikiri. Nakujua.

Kuna jambo jingine, na ni afadhali ulisikie kwangu. Wakili wa kampuni anasema maneno yale ni yako, si yao. Ulijitaja jina. Kwa hiyo kama kuna uongo, kisheria ni uongo wa Askale Zegeye wa Dessie. Mimi ndiye niliyekuandikia maneno hayo, na ndiye niliyekataa kukata lile la mwisho.

Mkurugenzi anasema kuwaambia watu ni kuwapa dhambi ambayo hawana. Nimekaa na hoja hiyo siku nyingi, na bado nashindwa kuijibu kwa maneno mazuri. Najua tu kwamba kila asubuhi saa moja nazima redio.

Yimam ameniahidi kukupa barua hii mkononi.

Menbere


Dessie
23 Megabit 1989

Menbere,

Gari la Yimam liliharibika njiani. Barua yako ilinifikia asubuhi ya tarehe 21, kahawa ikiwa motoni na nyasi zimetandikwa sakafuni. Niliisoma jikoni nimesimama. Etagegn akaingia. "Mbona umepauka hivyo? Kafa nani?" Nikamwambia hajafa mtu, kaa chini.

Walipofika wote, kabla Abba hajabariki mkate, nikaitoa ile nusu katoni nikaiweka katikati. Nikasema: "Hizi nilizozitangaza, zinazouzwa sasa zina maziwa. Hizi zenyewe sina hakika nazo. Sikujua. Sasa najua, na nyinyi mnajua."

Kisha Etagegn: "Yaani hata redio yenyewe imekula mfungo!" Wawili watatu wakacheka. Bafena hakucheka. Unamkumbuka Bafena, yule aliyefiwa na mwanawe mwaka jana, na ambaye Hudade hii anamfungia marehemu. Aliinuka, akajifunga shuka yake. "Mimi sikula kwa neno la kampuni, Askale. Kampuni siijui. Nilikula kwa neno lako." Akatoka bila kugusa kahawa. Nilimfuata hadi langoni. Hakugeuka.

Abba Workineh alisema kama alivyosema mkurugenzi wako: aliyekula bila kujua hakuvunja kitu. Nikamuuliza, "Na aliyejua akamwacha mwenzake aendelee kula?" Akaniambia hilo si swali la chakula.

Kisha nilikwenda kwa watawa. Mguu ulikuwa mzito mwinuko ule, na safari hii nilisimama. Nilimweleza Emahoy Tsehaytu kila kitu. Akaniuliza, "Zilikuwa tamu, sivyo?" Nikasema ndiyo, Emahoy. "Nilishuku," akasema. "Kitu kitamu vile katikati ya Hudade, nikajua lazima mahali fulani pana kasoro." Akanishika kichwa. Lakini jana nimesikia kwamba ameongeza siku zake za kufunga, yeye na wenzake wote, wala hawakunitumia neno.

Sasa wewe. Umeniambia kuna hoja umeshindwa kuijibu. Mkurugenzi anasema wasiojua hawana dhambi. Sawa, hawana. Lakini hajasema lolote juu ya wanaojua. Mlikuwa wangapi mnaojua? Yeye, wakili, na wewe. Mlikuwa mnalinda mfungo wa nani?

Nimekukasirikia, na hasira hiyo nitakuja nayo. Hapa Dessie nimekwisha sema kwa mdomo wangu. Lakini kuna mwanamke Jimma au Gondar ambaye sijapata kumwona, anakula na kuwalisha wanawe kwa sababu Askale kasema. Huyo nitamfuata kwa miguu?

Napanda basi la Ijumaa. Tayarisha kile kinasa sauti chako. Maneno safari hii usiniandikie.

Askale Zegeye


Addis Ababa
3 Miyazia 1989

Kwa Menbere Tilahun

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nyumbani kwa mama yangu. Redio ilikuwa imewashwa, na tangazo letu likaja wakati wake wa kawaida. Nilikuwa nakunywa chai. Nimeyaandika maneno haya kama nilivyoyasikia, kwa sababu wakili aliyahitaji:

"Mimi ni Askale wa Dessie. Niliwaambia Birabiro haina maziwa. Sasa inayo. Wamebadilisha mafuta, na mimi sikuambiwa. Mliokula bila kujua, makasisi wanasema hamkuvunja mfungo. Mliokula kwa neno langu, nisameheni. Wekeni hadi Fasika, mfungo ukiisha."

Lilisikika Jumatatu na Jumanne kabla sijalisimamisha. Redio wanasema walipokea mkanda mpya na barua yenye sahihi ya Mkuu wa Uhusiano, ambaye ana mamlaka ya kubadilisha matangazo yetu. Wamefuata utaratibu. Wewe pia umefuata utaratibu. Nilimwita wakili nikitarajia atanipa kitu cha kushika. Alisoma, akavua miwani. Akasema hakuna kosa: kila neno ni kweli na, kwa hoja yake mwenyewe ya mwezi uliopita, ni maoni ya mama huyo binafsi na si ya kampuni.

Merkato imeturudishia mzigo, kama nilivyosema. Mashine moja imesimama. Majarini tumeiondoa, tunangoja mafuta. Wasichana wa kufungasha nimewapa nusu zamu ili asiachishwe mtu. Siwezi hata hivyo kubaki na mkuu wa uhusiano anayezungumza na umma bila mimi kujua. Ajira yako inakoma mwisho wa mwezi huu. Ukitaka barua ya kukupendekeza kwingine nitaiandika, na sitaandika ndani yake ila mema.

Uliniuliza swali tarehe 5 Megabit na sikulijibu. Ijumaa ile sikumpelekea. Nilimwambia mama kwamba zimekwisha kiwandani.

Jumatatu, tangazo lilipokwisha, alizima redio. Akaniuliza, "Zilikwisha lini, Kebret?"



Kebret


Dessie
21 Miyazia 1989

Menbere mwanangu,

Yimam kanipa barua yako pamoja na nakala ya barua ya mkurugenzi wako. Kwa hiyo huna kazi. Nilipokuwa kwako nilikusema sana, na mengi ulistahili. Kuna moja sikulisema: uliponiambia kwamba barua ya redio itabeba sahihi yako wewe, ulijua itakugharimu nini, na mkono wako ukaiandika. Nilikuwa nimekaa pembeni nikiuangalia.

Huku bado nachekwa. Zamani nilikuwa Mama Redio, sasa nikimkaribisha mtu kahawa, ananiuliza, "Askale, hii ina maziwa au tusubiri tangazo?" Zeyneba ndiye mbaya zaidi. Kaniapia kwamba Ramadhani ijayo ataniita nimwonjee futari.

Bafena hakuja kwangu. Nilimwona kanisani Jumapili ya Hosana, tukasalimiana kwa kichwa. Ijumaa Kuu, tukiwa kwenye kusujudu, alikuja akasimama kando yangu. Nilipoinuka kwa taabu alinishika kiwiko.

Ile nusu katoni iliyobaki tulikuwa tumeifunga kwa kitambaa tukaiweka juu ya kabati. Usiku wa Fasika tulirudi kutoka kanisani kuku akiwa bado motoni. Tukasema: mfungo umekwisha, kuna ubaya gani? Nikaifungua. Etagegn alikula akajisahau kuongea. Asubuhi niliwapelekea watawa zilizobaki, nikamweleza Emahoy Tsehaytu kwamba leo zile hata zikiwa na maziwa ni halali yake. Akala moja. Nikamwuliza, "Emahoy, ni tamu?" Akasema, "Leo ndiyo, mwanangu. Siku ile nilikuwa nameza kwa wasiwasi."

Njoo nyumbani mpaka upate kazi nyingine. Kitanda kipo, na baridi ya hapa unaijua.

Ukionana na Ato Kebret, msalimie mama yake kwa jina langu. Na umwambie Birabiro ni biskuti nzuri ya Fasika. Hilo nimelionja mwenyewe, ni neno langu, na anaruhusiwa kulitangaza.

Shangazi yako,
Askale Zegeye